Mstari wa Alhamisi

Hakukimbia, mama. Nimesema mara tatu tangu tuanze kula, na mara tatu mama ameisukuma ile kofia kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza panya aliyekufa. Mtu aliyekimbia hakai miezi kumi kumshonea kofia mtoto wa watu aliowakimbia.

"Ndiyo hivyo," mama akasema. "Anataka kutuziba mdomo kwa uzi. Kaka yako alikuwa ndani, neno moja tu lilitosha, na neno hilo hakulitamka. Kisha huyo, akapanda ndege akaenda zake Mutsamudu."

"Mama, hukuwepo."

"Nilikuwepo mlangoni kwa wale askari na chakula cha mwanangu siku tatu. Wewe ndiye sijui ulikuwa wapi."

Nimeacha wali wangu nusu nimekuja kuandika, kwa sababu nilikuwepo, tena kuliko anavyojua.

Anayesemwa ni Mpima Hewa. Jina analo, lakini Moroni nzima ilimwita hivyo, na uso kwa uso tulimwita Fundi. Naandika kwa Kiswahili cha nyumbani, kile ambacho wazee wangu walirudi nacho kutoka Unguja, maana kazini wote wanasoma Kifaransa na daftari langu limeshawahi kusomwa na watu lisiowahusu. Na naandika leo, si wiki ijayo, kwa sababu kesho asubuhi sanduku la madaftari ya kituo cha hewa linapigiliwa misumari kwenda Ulaya, na ndani ya daftari moja mna mstari mmoja ambao ni mimi na yeye tu tunaojua ulivyoandikwa. Nitaufikia. Kwanza nataka mtu huyu aonekane mzima, kwa sababu mama anamwona nusu.

Kazi yake ilikuwa kufuata moshi. Kituo chetu kiko njia ya Ikoni: vyumba viwili, paa la bati, na juu ya paa waya uliosimama kama uti wa samaki. Kila mwaka kiangazi kinapokolea, kabla mvua hazijaanza, watu wa bara wanachoma mashamba na mbuga, na upande wa pili, Bukini, kile kisiwa kikubwa cha mashariki, wanachoma malisho ya ng'ombe. Moshi unavuka bahari. Unakuja kukaa juu ya visiwa vyetu siku mbili, siku tano, na mlima Karthala unapotea kama umefutwa ubaoni. Watu wanasema ni ukungu. Hilo lilikuwa linamuudhi kweli.

"Ukungu gani unaowasha macho?" alikuwa akiuliza, na hata kama hakuna aliyemjibu aliuliza tena.

Mchana setilaiti ilipita juu yetu, robo saa hivi, mlio wake ukisikika kwenye redio kama chura mwenye haraka. Mashine iliugeuza mlio ule kuwa mistari, mmoja mmoja, kwenye karatasi yenye unyevu iliyonuka kama waya ulioungua. Unakaa, unangoja, na polepole inatokea pwani ya bara, kisha Bukini, na katikati visiwa vyetu kama punje za mchele zilizomdondoka mtu. Yeye hakungoja na mikono mitupu. Alishona kofia, zile kofia zetu nyeupe za matobo madogo madogo, kazi ambayo hapa wanawake ndio huifanya zaidi. Wenzake walimcheka. Alikwenda sawa na mashine: mistari kadhaa, tobo moja. Picha ikimalizika, aliweka sindano chini, akachukua penseli, akaanza kutafuta moshi.

"Wingu lina kingo," alinifundisha. "Moshi hauna. Ukiona mahali umeishia, basi si moshi."

Mimi nilikuwa nasimama juu ya mashine kama nyuki. "Fundi, si tumeshaona?"

"Tumeona nusu, Bibi Haraka."

"Nusu inatosha."

"Inamtosha nani?"

Nilikuwa na miaka kumi na saba, likizo ya lise, yaani sekondari, na nilichukuliwa pale kwa ajili ya mwandiko. Yeye aliandika vipimo kwenye karatasi kwa herufi za kuku, mimi nikavinakili kwenye daftari kubwa, yeye akaweka sahihi chini ya ukurasa. Alisoma kila kitu. Alisoma hata karatasi iliyofungiwa karanga, mbele na nyuma, kabla ya kula karanga yenyewe.

Picha peke yake hakuitegemea. Juu ya paa alikuwa na sahani nyeupe ya bati, sahani ya kawaida ya kulia wali, ameipaka mafuta ya nazi kidogo sana. Asubuhi alipanda, akaifuta kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye kofia, na kipande hicho akakishonea kwenye kile cha jana. Siku kwa siku ukawa utepe mrefu, akaukunja kama bandeji ya hospitali. Msimu mmoja, bunda moja. Alinifundisha kusoma ule utepe. Majivu ya Karthala, mlima wetu wa moto, ni meusi na yanakwaruza. Vumbi la Bukini ni jekundu. Moshi wa bara una rangi ya chai iliyomwagika juu ya shuka, una mafuta, na haufuliki.

Jioni moja jua lilizama jekundu kupita kiasi na watu wa mtaani kwetu wakaanza kuomba dua kwa sauti, wakisema ni alama. Yeye alipita na kitambaa chake akawaonyesha. "Ni udongo wa watu," alisema. "Upepo umewaibia watu wa Bukini, mchana niliona njia yake kwenye picha. Dua ombeni, haina ubaya. Lakini anikeni nguo ndani."

Mama anauliza kazi ile ilimfaa nani. Mama, ilikufaa wewe. Moroni haina mto. Tunakunywa kilichoanguka juu ya paa kikaingia kwenye birika la uani, na juu ya paa ndiko moshi wote wa kiangazi unakolala. Yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba, kila mwaka, kabla ya mvua ya kwanza, kuwaambia wanawake waondoe mfereji wa bati, maji ya siku ya kwanza yaende zake barabarani. Nakumbuka mama alivyomjibu, amesimama mlangoni na uso wake umepakwa msindzano, ule unga wa msandali wa urembo.

"Fundi, maji ni maji. Yakipita siku ya kwanza nitakunywa nini, hewa yako?"

Alikunjua utepe mlangoni petu, msimu mzima, kutoka kizingiti mpaka jikoni. Mama aliutazama, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hiki ndicho tulichokunywa mwaka jana?"

"Sijui, mama. Mwaka jana sikupanda paa lako."

Hapo ndipo watu walipokuwa wanamchukia kidogo. Mtu mwingine angesema ndiyo, basi, mambo yaishe. Yeye, ukimuuliza alichoona, alikupa alichoona, na pale kilipokatika alikata na yeye. Kuna nyumba moja walikuwa wanaandaa ndoa kuu, ile ndoa kubwa ya mji, ng'ombe wameshafungwa, wakatuma watu watatu wenye heshima kumuuliza kama Jumapili itanyesha. Akawapa chai, akawatolea picha za siku nne, akawaeleza pepo zote, na mwisho mkubwa wao akasema, "Sasa Fundi, Jumapili?"

"Jumapili nitawaambieni Jumatatu."

Yeye mwenyewe hakufanya ndoa kuu, na hilo lilimgharimu. Kwetu mwanamume asiyeifanya, hata awe na mvi mpaka masikioni, kwenye bangwe, baraza la mji, anaketi upande wa vijana na hasimami kusema. Mwaka mmoja moshi ulikaa siku nyingi, watoto wakikohoa, na wazee wakakutana kuzungumza. Mtu pekee aliyejua habari ile alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini na wavulana. Ikabidi amnong'oneze jirani yetu, seremala mstaafu, ambaye ndoa kuu alifanya lakini sikio moja halisikii. Seremala akasimama, akakohoa, akatandaza joho lake.

"Enyi watu wa mji! Mpima Hewa anasema watu wa bara wametuchoma!"

Ikawa zogo. Mmoja anataka barua ipelekwe kwa Rais, mwingine anauliza wametuchoma lini. Fundi pale chini ameshika kichwa kwa mikono miwili, anakatazwa na mila kusimama, mdomo wake unachezacheza kama wa samaki. Nilicheka mpaka nikaumia mbavu. Baadaye nilimuuliza kwa nini asifanye tu hiyo ndoa kuu. Alifikiri. "Ng'ombe wote wale," akasema, "kwa dakika tatu za kusema moshi umetoka wapi?"

Asidhani mtu kwamba alikuwa walii. Kwenye bao alikuwa mwizi. Alicheza na kinyozi wa jirani kila baada ya alasiri, na kete zilikuwa zinahama chini ya kiganja chake mchana kweupe. Kinyozi alipiga kelele, alimwita kila jina. Alikuwa pia mwongo mkubwa wa habari za ujana wake Unguja. Papa aliyemkosakosa alikua kila mwaka mita moja. Nilimkabili siku moja. Wewe, Fundi, usiyekubali kuandika huenda, unaiba kete?

"Bao halina sahihi yangu chini," alisema, na akaiba nyingine.

Habari ya kosa lake la Mutsamudu nilikuwa nimeisikia kwa watu kabla hajanisimulia. Walikuwa wanaisema kwa kicheko. Alipokuwa bado kijana kazini alipelekwa kule, kisiwa cha jirani, na kule hapakuwa na mashine ya picha, sahani tu. Akaiweka juu ya paa. Kiangazi chote kila asubuhi ikatoka imechafuka, rangi ya chai, ina mafuta, na kila asubuhi akaandika: moshi wa bara. Alijiona ameshika siri ya bahari nzima. Wakubwa wakampongeza kwa barua. Hakujua kwamba nyuma ya bonde, upande upepo wa alfajiri unakoteremkia, kuna watu wanachemsha maua ya langilangi kutoa mafuta, na vyungu vyao vya shaba vinakula kuni usiku kucha. Kitambaa kilinukia vizuri, alisema, na yeye akadhani ni mafuta yake ya nazi.

Aligundua sikukuu ya Idi, wale watu walipozima moto siku mbili na sahani ikatoka nyeupe. Kijana mwingine angenyamaza. Yeye alikaa na daftari, akachukua wino mwekundu, akakata msimu wote, mstari kwa mstari, kila mmoja peke yake, na pembeni akaandika: sikuona. Kisha akapeleka mwenyewe kwa wakubwa. Ile barua ya pongezi wakaiomba irudi. Cheo alichokuwa apewe akapewa mwingine, na miaka yote iliyofuata akabaki palepale alipokuwa.

"Sahani inanusa," alikuwa akiniambia. "Picha inaona. Kinachonusa peke yake kitakudanganya, tena kwa harufu nzuri."

Sasa nimefika.

Miaka mitano iliyopita mamluki, wale askari weupe, ndio waliokuwa wameshika kila kitu: barabara, uwanja wa ndege, walinzi wa Rais, nani alale kwake na nani asilale. Kiangazi kile moshi ulikuja mzito. Siku ya Alhamisi ndege iliyoleta wageni wao ilizunguka juu yetu, tukiisikia bila kuiona, ikashindwa kutua ikarudi ilikotoka. Wakatafuta mtu. Asubuhi ile kaka yangu alikuwa shambani kwetu Mvuni, juu ya mji, anachoma rundo la majani makavu. Vijana wawili wa pale walikuwa wanachoma yao. Alasiri gari lilipanda likawachukua wote watatu. Walisema wamewasha moto makusudi kuifukuza ndege.

Na Alhamisi hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Setilaiti ikapita juu yetu na mashine imelala.

Ijumaa picha ilitoka nzuri: moshi umetanda kutoka bara, umepita juu yetu, umefika Bukini. Nilipiga makofi. "Hii hapa, Fundi! Twende nayo."

"Hii ni ya Ijumaa."

"Moshi ni uleule."

"Huenda."

"Huenda! Kaka yangu yuko ndani kwa huenda yao, na wewe unaniletea huenda yako."

Hakukasirika. Alisema atakwenda mwenyewe kwa kapteni wao, Jumamosi. Atasema Jumatano aliuona moshi ufukweni mwa bara, na Ijumaa akauona juu yetu. Alhamisi hakuona.

"Na sahani? Sahani ya Alhamisi imechafuka, nimeiona!"

"Kaka yako alikuwa anachoma majani upande wa juu wa sahani. Nimeshadanganywa hivyo mara moja."

"Basi angalau hicho kijimoto chake usikiseme."

"Nilikiona," akasema. "Nitakisema, na nitasema kilikuwa kidogo, na kilikwisha kabla ya ndege. Hilo pia nililiona."

Nilimchukia. Naandika wazi: nilimchukia kwa moyo wote siku ile na usiku wake.

Jumamosi asubuhi, kabla hatujatoka, alinisomea mstari uliobaki niuandike kwenye daftari kubwa. "Alhamisi: hakuna picha, umeme haukuwepo." Akaenda chumba cha pili kuvaa kanzu. Mimi nikaandika: "Alhamisi: picha ya mchana, moshi wa bara umefunika visiwa vyote." Alirudi, akachukua kalamu, akaweka sahihi chini ya ukurasa bila kusoma. Mtu aliyesoma karatasi za karanga. Mwandiko wangu hakuusoma.

Kapteni alikuwa kijana, pua imebabuka kwa jua, feni inazunguka nyuma yake. Sisi wawili tulisimama, mimi nimekumbatia mabunda ya picha na daftari kubwa. Fundi alisema yote kama alivyoahidi, kwa Kifaransa chake cha polepole: Jumatano, Ijumaa, kijimoto cha Mvuni kilichokwenda juu kikafa. "Alhamisi sikuona," akasema. Kapteni akawa amefungua daftari. Akasoma kwa kidole. Akainua uso.

"Unaniambia hukuona. Hapa daftari lako linasema umeona. Nishike lipi?"

Ninachokikumbuka ni shingo yake. Haikusogea. Mtu yeyote angegeuka kunitazama, hata kwa kope tu, na kapteni angefuata macho yake mpaka kwangu. Alitazama mbele. Feni ilizunguka, ikazunguka. Nilijua kwamba akisema neno moja tu, mstari si wangu, kaka harudi, na mimi huenda nikabaki pale naye.

"Daftari ni langu," akasema. "Sahihi ni yangu."

Kapteni akacheka kidogo. Sidhani alijali kweli ni ipi. Alitaka karatasi yenye muhuri ya kuwaonyesha wageni wake kwamba si yeye aliyeshindwa kulinda anga. Aliniamuru ninakili ule ukurasa. Nikanakili neno kwa neno. Fundi akapiga muhuri. Jumapili kaka na wenzake wakaachiwa.

Tukaanza kurudi. Tulipita soko la Volo Volo, akasimama kwa mama muuza nyuzi, akakwaruzana naye kama siku zote.

"Uzi wenyewe mwembamba hivi, nishonee kofia au nishonee hewa?"

"Si wewe ndiye mpima wake, mzee? Ipime uone kama inatosha!"

Akacheka, akanunua. Kwenye kona ya kwetu akaniambia, "Jumatatu usije, mwanangu. Shule inakaribia." Basi. Baada ya wiki chache alikuwa ameshahamia Mutsamudu. Watu walisema mamluki wamemhamisha. Mama akasema amekimbia aibu ya kutomtetea mtoto wa jirani. Mimi sikusema kitu, na nilimaliza shule, na kituo kikanichukua. Kwa ajili ya mwandiko.

Mamluki waliondoka mwaka jana. Mwaka huu wataalamu wa Ulaya wameomba madaftari ya vituo vyote viwili, wanataka kulinganisha na picha zao za setilaiti za zamani wajue kila mwaka moshi kiasi gani unavuka bahari yetu. Ndiyo maana wiki hii Mkuu wa kituo alinituma Mutsamudu kuleta ya kule. Nikamaliza kazi, nikaulizia nyumba yake. Mwanamke mmoja aliyejitanda shiromani jekundu, nguo ya kule, akanipeleka kwenye vichochoro, vyembamba hata mwavuli unaufunga, akanionyesha ngazi.

Nilikuwa bado sijafika juu. "Anayepanda ngazi mbili mbili ni mmoja tu," sauti ikasema. "Karibu, Bibi Haraka."

Amezeeka. Macho yana utando, anashona kwa kugusa, anahesabu matobo kwa ukucha. Sahani bado iko kwenye paa, lakini akifuta sasa jirani ndiye anayemwambia rangi. Aliuliza moshi wa mwaka huu umeanza lini, nikamweleza, akauliza tena mpaka nikasema sawasawa. Tukanywa chai. Alinidanganya habari ya papa. Nikamwambia kwa nini nimekuja.

"Kwa hiyo watahesabu," akasema.

"Watahesabu siku zote, Fundi. Yako na yetu."

"Na Alhamisi."

Nilidhani amesahau. Miaka mitano nilidhani hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyotaka.

"Moshi ulikuwepo, Fundi. Wewe mwenyewe unajua ulikuwepo."

"Ulikuwepo. Nimepiga hesabu ya upepo sijui mara ngapi. Uliandika jambo la kweli, mwanangu. Ila uliandika kwamba tumeliona."

"Kwa nini hukuufuta?"

"Ningeufuta kaka yako akiwa wapi?"

"Na baadaye, alipotoka?"

Alivuta uzi, akauonja kwa ulimi, akaupitisha kwenye tundu la sindano asiloliona, mara ya kwanza. "Wino wangu nimeufuta msimu mzima. Mstari ule ni wako."

"Kwa hiyo kuhama..."

"Niliomba. Kila asubuhi unafungua daftari, unageuza kurasa kufika ya leo. Lazima upite Alhamisi. Nilichoka kupita."

Yeye hakunilaumu wala hakuniagiza kitu. Alichomoa kofia kwenye mfuko wa karatasi. "Ya kaka yako. Ana kichwa kikubwa, nakumbuka. Mwambie kijimoto chake nilikitaja, asije akasikia kwa watu." Nilipokuwa kwenye ngazi, akaita.

"Wino mwekundu bado wanawaletea?"

"Wanaleta, Fundi."

"Vizuri." Nikasikia anavuta sahani yake kwenye bati.

Kaka ameingia sasa hivi kutoka Mvuni, miguu ina matope. Ameona kofia mezani, ameivaa bila kuuliza ya nani. Imemkaa kama imezaliwa naye. Nimemwambia imetoka kwa nani, na nimemwambia habari ya kijimoto. Akaigusa pembeni. "Lakini kweli nilichoma," akasema, kama mtu anayejibu swali la zamani. Mama akamsogezea mwanawe sahani. "Kula, wali umepoa," ndilo alilosema, na kofia hakumwambia avue.

Wiki iliyopita Mkuu alitukusanya. "Atakayejulikana amechezea daftari," alisema, "Volo Volo kuna nafasi ya kuuza ndizi." Alicheka peke yake. Kazi yangu ndiyo inayolisha nyumba hii, kaka shamba halimtoshi, na hakuna anayejua isipokuwa kipofu mmoja Mutsamudu ambaye hatasema kamwe. Nimeyafikiri yote hayo ndani ya ndege, mawingu yote chini yana kingo safi.

Mama nitamwambia nikirudi kutoka kazini, kwa sababu nikimwambia leo atanizuia. Kesho asubuhi nitafika kituoni kabla ya seremala wa sanduku. Nitatoa daftari la mwaka ule, nitakata mstari wa Alhamisi kwa wino mwekundu, na pembeni nitaandika: hakuna picha, umeme haukuwepo, niliandika uongo mimi. Nitaweka jina langu lote, si herufi mbili. Kisha nitaliacha wazi juu ya meza ya Mkuu kwenye ukurasa ule, na nitakaa kwenye kiti cha mbele yake mpaka aje.